Koti la Gadi

"Koti hilo ni langu."

Hapo ndipo tulipomwacha Pini wiki iliyopita, na wapo wasomaji walionisimamisha njiani wakitaka niwanong'oneze kilichofuata. Nilikataa. Pini mwenyewe alisubiri miaka, wao wiki moja haitawaua.

Kwa aliyejiunga leo, nitasema upesi. Pini ni mshona nguo, na jina hilo alipewa kwa sababu huongea na watu huku amebana pini midomoni. Mama yake yuko kitandani, madaktari wamekwisha kumrudisha nyumbani, na ombi lake ni moja tu: azikwe kando ya mumewe, baba yake Pini, ambaye Pini hakupata kumwona ila kwenye picha. Katika picha hiyo mama ameketi, na baba amesimama nyuma ya kiti, amevaa koti la gadi wa treni lenye namba iliyodariziwa kwenye kola. Kwa namba hiyo Pini alipekua majalada ya ofisi ya reli mpaka akampata gadi mwenyewe, marehemu wa zamani. Akapata kaburi lake, na kwenye kaburi akapata kaka: mtoto pekee wa yule gadi, fundi wa kutengeneza saa. Fundi Saa aliiona picha, akaisoma namba, akalia, akamwita dada. Nafasi ya mama kando ya gadi ikakubaliwa. Studio Pini alikwenda kwa jambo dogo tu, kuomba picha ikuzwe, aiweke mbele ya kitanda cha mama.

Na sasa mzee mwenye studio anasema koti ni lake.

"Lako vipi, mzee wangu?" Pini aliuliza. "Hili ni koti la baba yangu. Alikuwa gadi."

Mpiga picha, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Tabasamu kwa kuwa amewaamuru watu watabasamu maisha yake yote na yeye hajatabasamu hata siku moja, aliburuta miguu hadi nyuma ya pazia. Kikasikika kishindo cha kifuniko cha sanduku, kikohozi, na tusi la chinichini. Akarudi na koti mkononi.

Lilikuwa lilelile. Vifungo vya shaba, kola ya kusimama, na kwenye kola namba ileile, uzi wake wa njano umepauka.

Pini alijikuta ameketi. Hakukumbuka kuvuta kiti.

"Zamani, binti yangu, watu walikuja kupigwa picha na mashati yaliyochanika makwapani," alisema Mzee Tabasamu. "Ningewapigaje vile? Studio ilikuwa na koti, ilikuwa na saa isiyotembea, na kiatu kizuri kimoja. Cha pili hakikuhitajika, mguu mwingine tuliuficha nyuma ya chungu cha maua. Hili koti amelivaa mchinja nyama. Amelivaa mfagia barabara. Kinyozi wangu alilivaa siku ya posa yake, na hakuwahi hata kupanda treni. Tazama ukutani."

Pini alitazama. Kwenye kuta zile, katikati ya picha zilizoliwa na mende, walisimama wanaume wanene, wembamba, warefu na wafupi, kila mmoja gadi wa treni, wote na namba ileile moja.

Mshona nguo wetu si mtu wa kukata tamaa mara moja. Alishika kamba ya mwisho iliyokuwa karibu.

"Sawa. Lakini koti lilitoka kwa gadi, si ndiyo? Basi huenda siku hiyo alikuja mwenyewe amelivaa, akapigwa picha na mama, ndipo akakuachia."

"Halikuletwa na gadi. Lililetwa na mjane wake, na mtoto mgongoni. Alisema hawezi kuamka kila siku akaliona limening'inia nyuma ya mlango. Nikampigia yule mtoto picha, naye akaniachia koti. Lilipoingia humu, binti, mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa."

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Fundi Saa. Pini alilijua hilo bila kuambiwa.

Alilichukua koti. Mikono ya mshona nguo haitulii. Ililigeuza, ikapima bega, ikashuka hadi kwenye mkono wa koti. Koti la mtu mrefu. Kwenye picha, mikono ya koti ilimfunika yule mwanamume hadi kwenye vifundo vya vidole, na bega lilimwangukia upande mmoja. Hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angesema koti lile halikushonewa mtu yule. Pini aliitazama picha hiyo tangu anatambaa, akajifunza cherehani mbele yake, akashona makoti yasiyo na idadi, na kila alipouona ule mkono mrefu alijiambia sare za kazi hazina vipimo. Kinyozi hajinyoi, wasomaji wangu. Alitaka baba, akafumba macho ya ufundi.

"Basi huyu aliyelivaa ni nani?" aliuliza.

"Hapo ndipo pabaya zaidi," alisema Mzee Tabasamu.

Aliivuta taa ya mezani, akaiweka picha chini yake, akaonyesha kwa ukucha.

"Kivuli cha kiti na cha mama yako kinaangukia wapi?"

"Kulia."

"Na cha mwanamume?"

Pini aliinama. Kivuli cha mwanamume kiliangukia kushoto.

"Hawakuwahi kuwa chumba kimoja hawa," mzee alisema. "Mama yako alikuja peke yake. Alikaa kwenye kile kiti pale, tumbo limekwisha kuonekana, akaniambia nimpige lakini niache nafasi nyuma yake. Nilikuwa na sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Akaomba alione. Akachambua, akachagua mwanamume mmoja, nikambandika nyuma yake."

"Akachagua?"

"Alichagua mara mbili. Wa kwanza alikuwa na masharubu. Kesho yake akarudi, akasema, nibadilishie, huyu anaonekana atanipiga. Ndipo akamchukua huyu. Binti, picha za kubandika nilifanya chache sana, na hakuna mwingine aliyerudi kubadilisha mume. Siwezi kuisahau."

Kama mngekuwa mnamwona, mngesema Pini anacheka. Mabega yalikuwa yakitikisika.

"Jina la mtu huyu? Kioo cha picha yake?"

"Jina sikuandika, hakurudi. Na vioo vya zamani, vile tulivyotolea picha kabla ya filamu, nilivikosha vyote, nikamuuzia mfuga kuku akatilia madirisha ya banda."

Ndivyo ilivyokuwa. Gadi si baba yake, na yule aliyevaa koti la gadi naye si baba yake. Ni mtu aliyepita siku moja, akaazima koti, akasimama vizuri, akaenda zake. Miaka ya majalada, foleni na vumbi, na nyuma ya yote hakuna mtu.

Mzee Tabasamu alimfungia picha kwenye bahasha. Alitaka kusema neno la kumliwaza, lakini hakuwa amezoea, akabaki kumwambia ainue kidevu.

Pini alirudi nyumbani mbio. Chumba ni kimoja: kitanda cha mama dirishani, cherehani kando ya ukuta, na katikati meza yenye marundo ya nguo za watu ambazo wiki hizi hazishonwi. Jirani aliyekuwa akimkalia mgonjwa aliinuka, akatikisa kichwa kidogo, akatoka. Pini alielewa. Mama alikuwa na pumzi za kuhesabika, lakini macho yalikuwa wazi na akili ilikuwemo.

"Umeleta picha kubwa?" mama aliuliza.

"Sikuleta. Mama, huyu mwanamume ni nani?"

"Mume wangu."

"Mama, nimetoka kwa Mzee Tabasamu. Ameniambia."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jamaa wa zamani, "Bado analo lile sanduku?"

Pini alipiga magoti kando ya kitanda. Hasira ilimjia, na huruma ikaja palepale, zikagombana kifuani mwake. "Mama, kwa nini? Miaka mitatu unaniona naondoka asubuhi kwenda kwenye majalada, narudi na vumbi kichwani, unaniuliza nimefika wapi! Nimepata kaburi, nimepata kaka, nimekuja kukwambia, ukalia ukafurahi! Ulifurahi nini?"

"Nilifurahi nikajua analala wapi."

"Si yeye aliyelala pale! Koti lake ndilo lililovaliwa!"

"Mimi simjui mwenye koti, wala simjui aliyelivaa. Namjua wa kwenye picha." Mama alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Nilitaka ukiulizwa baba yako nani, uwe na mtu wa kumwonyesha. Basi nikamtafuta. Alikuwa na uso wa mtu anayerudi nyumbani. Nimeishi naye, mwanangu. Nikikasirika namgeuzia ukutani, nikipoa namgeuza tena. Hakuwahi kunijibu vibaya."

Pini aliyakumbuka hayo. Utotoni aliamka siku nyingine akaikuta picha inautazama ukuta, akadhani ni upepo.

"Na yule wa kweli?"

"Yule hakukaa hata kwenye kiti."

"Mama, jina lake tu."

"Nimelimeza. Ukilijua utaanza kutembea tena, na mwisho wa safari utamkuta mtu ambaye akikuona atafunga mlango. Mimi nilifungiwa. Wewe hapana." Mkono wa mama ulitoka chini ya shuka, ukamshika Pini kwenye kifundo cha mkono, mwepesi lakini haukuachia. "Wamekwisha kunipa nafasi pale. Nilaze pale. Sijawahi kulala kando ya mtu aliyebaki, nipeleke basi kando ya aliyekufa. Usimwambie kaka yako. Niahidi."

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo watu, lakini ya mama huyu ilikuwa imefika umri wa mtu mzima, na sasa alitaka ishuke naye hadi kaburini. Mngefanya nini ninyi? Pini aliahidi. Aliahidi huku analia, akambusu mama kwenye paji la uso.

Alfajiri mama alifariki. Jirani ndiye aliyemfumba macho, kwa sababu Pini alikuwa akimshonea mama nguo ya mwisho, na alipogeuka kumwonyesha, hakukuwa na wa kuonyeshwa.

Saa za asubuhi uwanja ulijaa watu. Fundi Saa alifika peke yake, suruali imetapakaa udongo hadi magotini, na shingoni bado inaning'inia kamba yenye kioo cha jicho cha kutazamia saa. Alisahau kukivua. Alimkumbatia Pini kwa nguvu kama walivyokumbatiana siku ile makaburini.

"Pole, dada. Kaburi karibu litakuwa tayari. Nimeshika jembe mwenyewe tangu kulipopambazuka."

"Jamaa zako wengine wanakuja?"

Fundi Saa alitazama pembeni. "Hawaji. Shangazi amewakataza."

Shangazi huyu ni dada wa marehemu gadi, bibi mzee ambaye macho yake yameingia ukungu. Picha alisimuliwa tu, akaambiwa koti na namba, na picha nyingine ya gadi ya kulinganisha haikuwepo, maana nyumba yao iliungua zamani na kila kitu ndani.

"Amesemaje?" Pini aliuliza, ingawa hakutaka kujua.

"Amesema nimemgeuza kaka yake mzinzi. Anasema baba alifia mikononi mwake, na jina alilotaja ni la mke wake tu, mpaka mwisho. Anasema mtu wa namna ile hana mwanamke mwingine wala mtoto wa nje. Ameniambia siku nitakayomlaza mwanamke mwingine kando ya baba, nisikanyage tena mlangoni kwake."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia damu nzito kuliko maji, shangazi. Baba alikosea, nimekubali alikosea. Mtoto hana kosa." Aliushika mkono wa Pini. "Usiku wa kuamkia jana nilikwenda kwenye kaburi la mama yangu. Yeye amelala kushoto kwa baba. Nilimwomba radhi. Nikamwambia, mama, najua nakuaibisha, lakini nimekuwa peke yangu duniani tangu ulipoondoka, na sasa nina dada. Vumilia."

Pini aliangalia chini. Mkononi mwake alikuwa na bahasha ya studio.

Angenyamaza, nani angejua? Mama amekwenda na siri yake. Mzee Tabasamu haendi popote, hata kicheko hakimtoki, sembuse maneno. Ilibaki kufumba mdomo hadi jioni. Na Pini, kama kuna mtu duniani aliyezoea kufumba mdomo juu ya vitu vyenye ncha, ni yeye.

Lakini aliiona ile suruali yenye udongo. Alimwona mwanamume mzima aliyempaka matope baba yake mwema, akaenda kumwomba radhi mama yake kwa kosa ambalo halikutendeka. Akashindwa kunyamaza.

"Kaka, njoo ndani."

Walisimama kando ya cherehani. Pini alimwambia yote, haraka, bila kupumzika: koti, mjane na mtoto mgongoni, kivuli cha kulia na cha kushoto, sanduku. Fundi Saa alikiinua kile kioo cha jicho, akakibana jichoni, akainama juu ya picha kama anavyoinama juu ya saa iliyokufa. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Vivuli," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na huyo mtoto wa mgongoni ni mimi."

"Ni wewe."

"Nani mwingine anajua?"

"Mpiga picha peke yake."

"Basi nani amekulazimisha kuniambia?" Sauti ilimpasuka. "Si ungeniacha! Si ungeniacha nizike, nirudi nyumbani, nife na dada!"

"Wewe ndiye uliyenilazimisha," alisema Pini. "Umemwomba mama yako radhi bure."

Fundi Saa alikiacha kioo kikaanguka kifuani. Uso wake ulilowa, wala hakuufuta. Nje, ambako mama alikuwa amekwisha kutolewa, wabebaji walikuwa wameingia uwanjani. Pini alisikia jirani akitoa maelekezo, kisha mlio wa miguu ya watu wanaonyanyua mzigo kwa pamoja.

"Kaka," alisema, "mama hakuwa na neno lingine alilotaka duniani. Nilimwahidi. Baba yako hakufanya kosa, na shangazi nitamwendea mwenyewe nimpigie magoti nimwambie. Lakini nakuomba ile nafasi. Si kama haki. Nakuomba tu."

"Upande mmoja amelala mama yangu," alijibu Fundi Saa polepole. "Aliachwa mjane na mimi mgongoni, hakuolewa tena. Koti aliligawa kwa sababu hakuweza kulitazama. Nimlaze kama nani kando ya mume wake? Niambie. Kama nani?"



Simu ya Fundi Saa ililia mfukoni. Aliitoa, akaiweka sikioni, na chumba kilikuwa kidogo mno, sauti ya mchimba kaburi ikasikika waziwazi: kaburi tayari, ndugu, tunawangoja.

Fundi Saa alimtazama Pini. Midomo yake iliunda neno dada, lakini halikutoka.

"Lifukieni," alisema kwenye simu.

Akaikata. Akaiweka picha juu ya cherehani, taratibu, uso ukielekea ukutani, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu.

Pini alitoka kwa mlango wa mbele. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Mama alikuwa amekwisha kunyanyuliwa, wanaume sita chini yake, jua limewapiga usoni. Yule wa mbele aliuweka mti wa jeneza sawasawa begani, akageuza shingo kumtazama mfiwa.

"Haya, mama," alisema. "Tuelekee wapi?"